Victoria Falls haijakauka, ni mwezi tu mliokwenda

Kila msimu wa korosho ni hivi hivi. Minada ikishaanza kulipa, mtu wa Newala au Tandahimba anapiga simu anataka nimpangie safari ya Lusaka na Victoria Falls, yale maporomoko ya mto Zambezi mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, Novemba hiyo hiyo, na nikimwambia asubiri ananijibu mvua si zimeanza, maji yatakuwa yamejaa. Halafu kuna aliyekwenda mwaka jana anatangaza kijiweni kwamba maporomoko yamekufa, picha anazo kwenye simu. Jamani, hayajafa!

Maji yale hayategemei mvua ya Livingstone, mji ulio jirani na maporomoko upande wa Zambia. Zambezi inakusanya maji yake mbali huko, kaskazini magharibi mwa Zambia na Angola, yakifika mbuga za Barotse, magharibi mwa Zambia, yanatanda na kutembea taratibu mno, ndo maana wenyeji wa huko, Walozi, na mfalme wao wanahama kwenda nchi kavu kwenye sherehe yao ya Kuomboka mvua zikielekea kuisha, sio zikianza. Kwa hiyo mto unajaa kabisa pale kwenye Aprili hivi, na Oktoba na Novemba ndo unakuwa chini kuliko wakati wowote. Sisi tunaoishi na Ruvuma tulitakiwa tulielewe hili mapema, mvua inapiga Songea huko, mafuriko yanatufikia huku chini.

Na hata hiyo Novemba usiseme yamekauka. Ukuta wa maporomoko una mita 1,708 kwa upana, sasa wewe umesimama upande wa Zambia ambao ndo unaonyauka kwanza, na pale juu kuna kituo cha umeme kinachochota maji kabla hayajaanguka. Zile picha za ukame wa 2019 zilizozunguka sana zilikuwa za mwamba wa upande huo. Ng'ambo, Zimbabwe, maji yanaanguka mwaka mzima. Na wanaosema bwawa la Kariba ndo limezuia maji, Kariba iko mbele huko, mto ukishapita maporomoko, itazuiaje?

Ila msije mkakimbilia Aprili. Moshi wa maji unakuwa mzito, pale kwenye daraja la miguu la Knife Edge, upande wa Zambia, unaloa mpaka nguo za ndani na huoni kitu. Mimi napeleka watu Juni au Julai. Hapo pia siapi, mwaka wa mvua haba hata Juni mwamba unaanza kuchungulia, na hakuna anayeweza kukuhakikishia ukiwa Mtwara.

Najua hela ya korosho haikai mpaka Juni. Basi lipia pasipoti na nauli mapema, kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea hadi Tunduma sio safari ya kukurupuka. Lusaka siku mbili zinatosha, Cairo Road, soko la Soweto, umemaliza, bado una kilomita karibu 470 mpaka Livingstone.

Anayeng'ang'ania Novemba aende, atapata kuogelea kwenye kidimbwi cha Devil's Pool, ukingoni kabisa mwa maporomoko, kitu ambacho maji yakijaa hakiwezekani. Ila atenge hela ya kuvuka daraja kuingia Zimbabwe, maana kiingilio cha hifadhi ya kule ni kingine.