Mto wa Mbu hadi Wasso: soma ardhi kabla tairi halijaikanyaga

Kila anayeniuliza kuhusu njia ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron na kupanda hadi Wasso, Loliondo, huanza na gari. Land Cruiser au Land Rover? Injini ipi? Tairi gani? Ni maswali ya maana, lakini mimi ningeanza na ardhi. Ndani ya safari hiyo moja utakanyaga kifusi, majivu ya volkano, mchanga wa makorongo, magadi, mawe ya mlimani na udongo mweusi wa mbuga, na kila kimoja kinataka gari liwe limetayarishwa kwa namna yake. Dereva anayebadilisha gia na upepo wa tairi kabla ya kuingia atapita na gari la kawaida la 4x4. Anayesubiri mpaka akwame ndipo abadilishe atateseka hata kwenye gari jipya lenye kila kifaa.

Njia hii nchi nzima iliijua mwaka 2011, pale maelfu ya watu walipokwenda kijiji cha Samunge kunywa dawa iliyoitwa kikombe cha Babu, yaani Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Walikwenda na kila aina ya gari, na wengi walikuta mvua njiani. Walioipita wakati ule wataelewa kwa nini nasisitiza ardhi kuliko chapa ya gari.

Kwanza tuelewane kuhusu chuma chenyewe. Kwenye Land Cruiser za kazi, zile tunazotumia kwa safari, fimbo ndogo pembeni ya gia ina 2H, 4H na 4L. Ukiwa 2H, magurudumu ya nyuma peke yake ndiyo yanayosukuma. Ukiweka 4H, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawasawa. Sasa fikiria kona: magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye vumbi au mchanga tairi linateleza kidogo na tofauti hiyo inaisha. Kwenye lami halitelezi, kwa hiyo mkazo unajikusanya ndani ya gia mpaka usukani unakuwa mzito na fimbo inagoma kutoka. Ndiyo sababu 4H haiwekwi kwenye lami kavu, hata kwa kilomita chache. 4L ni gia zilezile zenye nguvu zaidi na mwendo mdogo zaidi, kwa mlima, mawe na kujinasua.

Halafu kuna difu, ile gia inayogawa mzunguko kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lenye wepesi. Gurudumu moja likining'inia hewani linazunguka bure, na mwenzake aliyekanyaga chini anasimama. Utaona gari la 4x4 limekwama huku gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakirusha vumbi, na mengine mawili yametulia. Hapo kuongeza mafuta hakusaidii chochote. Kama gari lina loki ya difu, ifunge ukiwa umesimama, nyoosha usukani, utoke polepole, kisha uifungue mara tu ukishika ardhi imara. Kama halina, kinachobaki ni kutafuta njia ambayo magurudumu yote manne yatagusa chini.

Kutoka Mto wa Mbu kuelekea Engaruka adui wako ni yale matuta madogo yaliyopangana barabarani, yanayotikisa gari mpaka nati zinalegea. Mimi hushusha upepo kutoka PSI 40 hadi karibu 28 nikiacha lami. Tairi linameza sehemu ya mtikisiko, na shokapu haichemki haraka. Usidanganywe na mwendo kasi unaofanya gari lionekane limetulia juu ya matuta: wakati huo tairi linagusa vilele tu, na ukikanyaga breki ghafla hakuna kinachokushika.

Baada ya Engaruka na magofu yake ya mifereji na vibanda vya mawe, unaingia chini ya Ol Doinyo Lengai. Huu ni mlima wa pekee: ndio volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya aina ya magadi, yenye joto la karibu nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati lava ya kawaida huzidi 1,000. Ulipolipuka mwaka 2007 na 2008 ulimwaga majivu sehemu kubwa ya eneo hili. Majivu ya huku ni laini kama unga wa muhogo, na yanaingia kila mahali. Kichujio cha hewa kikague kila unaposimama kwa muda. Kigonge kwa mkono, usikioshe. Gari lenye snokeli, lile bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, linavuta hewa ya juu iliyo safi kidogo, nalo bado likaguliwe. Mkiwa magari mawili, acha nafasi mpaka vumbi la aliye mbele litulie. Kumfuata mtu ndani ya wingu ambalo huoni ng'ombe wala mtoto anayechunga ni hatari isiyo na sababu yoyote.

Makorongo ndiyo sehemu ninayotaka tuikalie zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapozama. Yanashuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na kukata njia mara kwa mara hadi Ngare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Kabla ya kuingia nateremka na kulivuka korongo kwa miguu, kila mara, hata nilikopita wiki iliyopita, kwa kuwa mvua moja inabadilisha kila kitu. Nakanyaga kwa kisigino. Kisigino kikizama kidogo na kusimama, gari litapita. Kikizama mpaka kwenye kifundo, nashusha upepo hadi 20, na mchanga ukiwa laini sana hata 18. Watu hudhani tairi lililopungua upepo linakuwa pana. Upana unaongezeka kidogo tu. Kinachoongezeka hasa ni urefu wa sehemu inayolala chini, na uzito wa gari unagawanyika juu ya mchanga mwingi zaidi. Naangalia pia rangi: mchanga uliokolea rangi una maji chini, na mara nyingi huo unabeba kuliko ule mweupe mkavu, isipokuwa pale unapotikisika ukiukanyaga. Mwisho naangalia ukuta wa kutokea. Wengi hupanga namna ya kuingia, halafu wanakutana na kingo iliyomomonyoka upande wa pili wakiwa wameshapoteza mwendo.

Ukishaingia, weka 4H, gia ya pili, mguu uleule kwenye mafuta mpaka utoke. Usibadilishe gia katikati, kwa kuwa ule muda mfupi wa klachi unatosha mchanga kulikamata gari. Ukitaka kusimama, ondoa mguu uache mchanga wenyewe ulisimamishe. Breki inakusanya kilima kidogo mbele ya kila tairi, na kuondoka hapo itakuwa kupanda vilima vinne kwa mpigo. Gari likianza kuzama bila kusogea mbele, acha mara moja. Kila mzunguko wa bure unachimba. Toa mchanga mbele ya magurudumu kwa sepetu, punguza upepo, na ujaribu kurudi nyuma kwa nyayo zako mwenyewe, maana huko mchanga umeshashindiliwa.

Na maji. Mvua inanyesha huko juu milimani huku wewe una jua kali na anga safi. Safari moja mzee wa Kimaasai aliyekuwa na mbuzi wake alinipungia mkono kabla sijateremka kwenye korongo lililokuwa kavu kabisa. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha mawingu juu ya nyanda. "Dereva, ngoja. Linakuja." Niliwaambia wageni washuke, tukakaa chini ya mgunga. Maji yalifika yakiwa ya kahawia, na mbele yake yakisukuma vijiti na kinyesi cha mifugo, kwanza kina cha kiganja, kisha kiunoni. Tulisubiri hadi jioni. Wenyeji wa huku wanajua mito yao. Salimia vizuri, uliza, na ukiambiwa ngoja, ngoja.

Njiani utakutana na mageti ya ushuru ya halmashauri, Monduli, Longido na Ngorongoro. Tunza risiti zote.

Ziwa Natron liko takriban mita 600 kutoka usawa wa bahari, na joto lake unalisikia hata kwenye usukani. Hapa kosa ni moja, nalo ni kubwa: kuendesha kuelekea majini. Ukingo wa ziwa unaonekana mkavu, mweupe, tambarare, unakuita kabisa. Chini ya lile gamba la magadi kuna tope zito, na gamba likivunjika gari linakaa juu ya tumbo lake. Hakuna mti wa kufungia winchi, wala jiwe la kuwekea jeki. Simamisha gari pale majani yanapoishia, utembee kwa miguu pamoja na mwongozaji wa kijiji. Natron ndiyo mahali pakuu pa kuzaliana kwa heroe wadogo wa Afrika Mashariki, na hawahitaji injini karibu yao.

Kisha ukuta wa Bonde la Ufa. Kutoka Ngare Sero njia inapanda kwa kona za kubana kuelekea Sale, mawe yakitembea chini ya tairi. Rudisha upepo kwanza, maana tairi laini hupasuliwa pembeni na mawe makali. Weka 4L chini kabisa, si katikati ya mlima. Panda kwa gia ya kwanza au ya pili na uweke tairi juu ya jiwe kubwa badala ya kulipitisha chini ya tumbo la gari, kwa kuwa tairi linainuka nalo lakini difu hainuki. Tazama mshale wa joto. Mshale ukipanda sana, simama penye tambarare uache injini ikinguruma ili feni na maji viendelee kupoza. Ukiizima ikiwa imechemka, joto linabaki mahali pamoja. Anayepanda apishwe. Kwa anayeshuka: 4L, gia ya kwanza, mguu mbali na klachi, injini ndiyo ishike gari. Ukikanyaga klachi kwenye mteremko ule umebaki na breki peke yake, na breki zilizojaa majivu huchemka mapema.

Huko juu hewa inapoa, na mbuga za Sale zinafunguka. Kiangazi ni raha tupu. Masika, kati ya Machi na Mei, udongo mweusi unashika kwenye kashata za tairi mpaka tairi zima linakuwa duara laini la tope, na 4x4 haikusaidii. Dawa ni jua. Nusu siku ya jua kali inaweza kubadilisha mbuga isiyopitika kuwa njia, ila juu hukauka kwanza, hivyo jaribu kwa mti au kwa mguu kabla ya kuliamini gamba.

Hapa kuna jambo linaloniuma sana. Dereva akiona njia imeharibika, anachepuka pembeni na kupita kwenye majani mabichi. Anayemfuata anachepuka zaidi. Mbuga inabaki na njia kumi zinazokwenda sambamba, na mvua inazigeuza makorongo mapya. Majani yale ni malisho ya mifugo ya watu. Kama nyayo za zamani hazipitiki, afadhali usubiri au urudi.

Wasso utapata mafuta na mafundi, na kipande cha kutoka Sale hadi hapo kimewekewa lami. Kabla hujaikanyaga, toa 4H, jaza upepo, kisha pita na spana kila gurudumu ukikaza nati. Lala chini uangalie springi za nyuma jani kwa jani, na uguse kila shokapu. Ile iliyo baridi wakati wenzake ni moto haifanyi kazi tena. Ibadilishe hapohapo Wasso kama mpango wako ni kurudi kwa njia uliyokuja nayo.