Kupokezana vidole kwenye gitaa la besi: maana yake

Aliyekulia vijiji vya Dodoma ameona kinu kimoja na michi miwili. Mama mmoja anashusha, mwenzake anainua, na uwele unatwangika bila kinu kupumzika na bila michi kugongana. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, hufanya hivyohivyo kwenye gitaa la besi. Kimoja kinavuta uzi, kingine kinajiandaa, kisha zamu inageuka. Mimi huita mtindo huu kupokezana vidole, na ndio msingi wa kupiga besi kwa mkono mtupu, bila kile kipande cha plastiki cha kucharazia.

Watu wakimtazama mpiga besi huangalia mkono wa kushoto, kwa sababu ndio unaotembea. Lakini wa kushoto huchagua noti tu. Wa kulia ndio unaoamua noti ianze lini, iwe na nguvu kiasi gani na, mara nyingi, ikome wapi. (Wenye mkono wa shoto wageuze maelezo haya yote, nyuzi zao pia hugeuzwa.)

Kwa nini vidole viwili? Hesabu yake ni fupi. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo mawili kila sekunde. Ukitaka noti nne ndani ya kila pigo, hizo ni noti 8 kwa sekunde. Kidole kimoja kikibebeshwa zote nane kitakaza, na mkono mzima utafuata mpaka kwenye kiwiko. Viwili vikigawana, kila kimoja kina nne. Kwenye rumba ya taratibu tofauti hiyo hutaiona. Subiri sebene ianze.

Hata hivyo sitasema kidole kimoja ni kosa. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya kule Detroit, Marekani, miaka ya 1960, alitumia kidole cha shahada peke yake, na wenzake walikiita ndoana. Alikuwa ametoka kwenye besi kubwa ya kusimama. Ukiwa na kidole kama kile, endelea nacho. Sisi wengine tupokezane.

Sasa, namna kidole kinavyougusa uzi ndiyo hasa inayowatenganisha wapigaji, na hapa ndipo wengi waliotoka kwenye gitaa la solo hukwama. Wanaukwanyua uzi kwa nje, kama mtu anayenyofoa mwiba. Uzi mnene wa besi ukinyanyuliwa hivyo hurudi ukigonga vyuma vya shingo, na sauti inatoka ikiwa na mlio wa kopo. Kidole kinatakiwa kipite juu ya uzi kikielekea uzi mnene unaofuata, kisha kitue hapo. Besi ya kawaida ina nyuzi nne, kutoka mnene kwenda mwembamba: E, A, D na G. Ukipiga uzi wa A, kidole kinaegemea E. Ukipiga D, kinaegemea A. Ukipiga E wenyewe, kinakutana na gumba lililoegemezwa kwenye pikapu, yaani kile kisanduku cha sumaku kilicho chini ya nyuzi. Huko ndiko kuegemeza. Sauti inanenepa, kidole kinajua pa kusimama, na uzi wa jirani unanyamaza kwa sababu umekaliwa.

Kuegemeza kunazaa tabia nyingine, kuburuza. Kidole kilichopiga G tayari kimekaa juu ya D. Kama noti inayofuata iko D, kwa nini ukinyanyue na kuita kingine? Kiburuze tu kiendelee. Wako walimu wanaolazimisha zamu zifuatwe hata hapo, na kama zoezi la mwezi mmoja nakubaliana nao. Jukwaani naona ni kujitesa.

Jambo ambalo mimi nilichelewa kulielewa ni kuzima. Uzi wa E ukipigwa wazi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na kwenye besi nyingi urefu wake unaotetemeka ni karibu sentimeta 86. Uzi mrefu na mnene namna hiyo haukomi kwa hiari yake. Nilipoanza kupiga kwaya, chini ya paa la bati, nilidhani amplifaya ni mbovu: kila noti ilikuwa na muungurumo nyuma yake. Muungurumo ulikuwa wangu. Nilikuwa nahamia D na G huku nikiuacha E ukiimba peke yake. Dawa yake ni gumba linalotembea. Badala ya kuliacha kwenye pikapu muda wote, unalishusha likae juu ya E ukipiga A, na unapofika D au G linasogea tena kufunika nyuzi nene zilizobaki nyuma. Muungurumo ukiisha na bado chini kuna fujo, mtazame mpiga kinanda: mkono wake wa kushoto huenda nao unapiga besi. Hilo si la vidole, ni la kikao.

Mahali unapopigia pia pana neno. Karibu na shingo uzi ni mlegevu na sauti ni ya mviringo, nzuri kwa nyimbo za kuabudu. Karibu na daraja, yaani pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, uzi ni mgumu na sauti inakatika vizuri. Mpiga besi Mmarekani Jaco Pastorius alijulikana kwa kupigia huko nyuma. Sogeza mkono kwanza kabla hujagusa vitufe.

Na gumba lenyewe? Lilikuwepo tangu mwanzo. Besi ya kampuni ya Fender ya mwaka 1951 ilifungwa kijiti cha kushikilia vidole chini ya uzi wa G, maana ilitarajiwa mtu apige kwa gumba. Baadaye kijiti kikahamishiwa upande wa pili, gumba likaegemea hapo na vidole vikachukua kazi. Kwetu Ugogoni gumba halihitaji kutetewa. Ilimba, ala yetu ya vibao vya chuma, hupigwa kwa madole gumba, na mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose aliifikisha mbali kwa namna hiyo. Ukikandamiza nyuzi kidogo kwa ubavu wa kiganja na kupiga kwa gumba, besi hutoa sauti fupi, kavu na yenye uzito, inayopendeza sana chini ya ngoma. Kubamiza gumba kwenye uzi na kunyofoa mwingine, mtindo alioueneza mpiga besi Mmarekani Larry Graham, ni somo jingine kabisa.

Kata kucha za mkono wa kulia. Malengelenge yatakuja wiki za mwanzo, pumzika yakauke, sugu itajenga. Halafu jipime hivi: piga uzi wa A wazi, polepole, ukipokezana shahada na kati, na mwenzako afumbe macho abashiri kila noti imetoka kwenye kidole kipi. Mara nyingi cha kati kinajitaja mapema, kwa sababu ni kirefu na kinagonga kwa nguvu zaidi. Kikunje kidogo, rudia, mpaka mwenzako aanze kukosea.