Barua Mbili, Asilimia Tofauti: Pensheni ya Ulemavu kwa Askari wa Marekani

Askari anayetolewa jeshini Marekani kwa sababu ya afya hupewa majibu mawili kuhusu asilimia ya ulemavu wake, moja la jeshi na moja la VA, idara inayoshughulikia maveterani. Wanaokuja kwenye dawati letu huyatandaza yote mezani na kuuliza swali lilelile: "Hapa wameandika 40, hapa 80. Nani kakosea?"

Hakuna aliyekosea. Jeshi linahesabu tu maradhi yaliyokufanya usifae tena kwa kazi ya uaskari, basi. Kama ni goti na mgongo, ni hayo tu. VA inahesabu kila dhara lililotokana na utumishi au kuzidishwa nao: masikio yanayovuma, usingizi uliopotea, moyo usiotulia tangu urudi vitani. Tena haijumlishi kama muuza duka. Ukiwa na 50 na 30 hupati 80. Ile 30 inapigwa kwenye nusu ya mwili inayohesabiwa kuwa bado nzima, inakuja 65, kisha inapandishwa hadi 70.

Kwenye barua ya jeshi, namba ya kutafuta ni 30. Ukifikisha hapo, au ukiwa umetimiza miaka 20 kazini, unastaafishwa: una pensheni, kitambulisho cha mstaafu na bima ya TRICARE kwako na familia yako. Ukikosa vyote viwili unapewa kiinua mgongo cha mkupuo na kuagwa. Na kama hukuumia kwenye eneo la vita, VA kwa kawaida itajirudishia kiinua mgongo hicho kwanza kwa kuzuia fidia ya ulemavu uleule. Asilimia kumi kati ya 20 na 30 ndizo zinazobeba matibabu ya watoto, kwa hiyo usitie saini matokeo ya bodi ya jeshi inayopima ulemavu wako kabla hujaketi na wakili wa jeshi. Humlipi hata senti.

Sasa pesa zenyewe. Tuseme sajenti katumikia miaka 8, wastani wa mshahara wake wa miezi 36 ya juu ni dola 4,000, na jeshi limempa 40. Pensheni yake ni dola 1,600. VA imempa 80, karibu dola 2,000 kwa mwezi, zisizokatwa kodi. Anajumlisha 3,600 na kuanza kutafuta nyumba. Mwezi ukiisha anakuta 2,000 tu. Sheria inakata pensheni dola kwa dola kulingana na fidia ya VA, na kwake pensheni yote imemezwa. Kitambulisho na TRICARE vinabaki, ila hilo halimpozi siku ile.

Mwenye miaka 20 na VA ya 50 au zaidi anarudishiwa kilichokatwa bila kuomba. Mpango huo unaitwa CRDP. Sajenti wetu hafiki huko. Mlango wake ni CRSC, malipo ya ulemavu unaohusiana na vita, na huu haufunguki wenyewe: lazima aombe kwa tawi lake la jeshi. Wengi hawaombi kwa kudhani ni wa waliopigwa risasi. Kumbe kuumia kwa kuruka na parachuti, au katika mazoezi ya kuigiza vita, kunaweza kuhesabiwa. Kwake malipo hayo hayatazidi kile ambacho miaka yake ya kazi ingemletea: 8 mara asilimia 2.5 ya mshahara kwa kila mwaka (kiwango cha mfumo wa zamani, wa walioingia jeshini kabla ya 2018), yaani asilimia 20, dola 800. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba ukomo wa jumla wa miaka sita wa kudai malimbikizo hauyabani malipo haya. Aliyechelewa basi asikate tamaa.

Dai la VA likiwasilishwa ndani ya mwaka mmodi wa kutoka jeshini, fidia huhesabiwa tangu siku inayofuata ile uliyotoka. Ukipitisha mwaka, kwa kawaida huhesabiwa tangu ulipodai. Mashirika ya maveterani yenye idhini ya VA husaidia bure, na anayekutoza pesa kukujazia dai la kwanza anavunja sheria.

Swali ninaloulizwa mlangoni, mtu keshashika begi, ni kama akirudi Mombasa au Arusha malipo yatakoma. Hayakomi. Fidia inalipwa hata nje ya nchi, na VA ina mpango wa kulipia huko matibabu ya ulemavu iliokwisha kuutambua. Tunza risiti za hospitali, na uipe VA anwani mpya kabla ya kupanda ndege.