Kuiongoza Fermilab siyo lazima uwe na Nobel, jamani

Juzi tena. Kijana wa mwaka wa tatu kaingia ofisini na transkripti kaikunja mara nne, anataka aje aongoze maabara kama Fermilab ya Marekani, ile ya fizikia ya chembe ndogo kuliko atomu, swali lake la kwanza: Nobel inapatikanaje? Nimechoka kulijibu mdomoni, leo naandika.

Eti ukurugenzi ni wa wenye Nobel. Si kweli! Leon Lederman kaipata 1988, na hapo Fermilab alishaiongoza karibu miaka kumi. Robert Wilson, mkurugenzi wa kwanza toka 1967, hakuipata kabisa, yeye alikuwa mtu wa kuunda mashine, Los Alamos, maabara iliyotengeneza bomu la atomiki, kaongoza watu, Chuo Kikuu cha Cornell kajenga akselereta, yaani mashine za kuzipa chembe kasi kubwa, ndo wakamkabidhi dola milioni 250 ajenge maabara nzima, na hakuzimaliza zote. Mnadhani alikaa anaandika fomula ubaoni? 1971 sumaku za pete kuu, ile akselereta kubwa ya Fermilab, zinakufa kwa mamia, na kwenye mabomba ya vakyumu, yale yanayonyonywa hewa ili chembe zipite, kule sehemu ya mesoni (aina ya chembe) wakamleta kicheche anaitwa Felicia, kafungwa uzi anapenya huku anatokea kule, halafu uzi ule ndo unavuta kitambaa chenye dawa ya kusafishia. Kazi ndo hiyo, kuhangaika mpaka mashine iwake, na Machi 1972 ikafika GeV 200, kipimo cha nishati ya chembe, ndo lengo lenyewe.

Au mwangalieni Lia Merminga. PhD Michigan 1989, kapita Jefferson Lab, maabara nyingine ya Marekani, kaenda maabara ya TRIUMF Kanada kuongoza idara ya akselereta, karudi Fermilab kusimamia PIP-II, mradi wa akselereta mpya wenye vifaa vinavyotoka India, Italia, Uingereza, Ufaransa na Poland, yaani ratiba za nchi zote hizo ziko mezani kwako. 2022 ndo akapewa kiti cha ukurugenzi.

Ndo maana wanafunzi wangu nawaambia kila siku mpaka wananikwepa, shikeni daftari la manunuzi la maabara. Ukifuatilia pampu ya vakyumu iliyokwama bandarini miezi mitatu utajifunza kitu ambacho GPA haikupi.

Eti lazima uwe mzaliwa wa Marekani. Merminga ni wa Ugiriki, Pier Oddone, naye aliwahi kuwa mkurugenzi, kazaliwa Arequipa, Peru. Tuendelee.

Eti rais ndo anateua. Maabara ni mali ya Wizara ya Nishati ya Marekani lakini anayeiendesha ni mkandarasi, bodi ya mkandarasi inatafuta mtu, wizara inaridhia.

Eti ukishakuwa mkurugenzi huna wa kukubabaisha. Wilson 1969 alihojiwa na seneta kwamba hii mashine inasaidia nini ulinzi wa nchi, na 1978 akajiuzulu kwa sababu serikali haikutoa hela aliyoona inatosha.

Kijana nikampa daftari la manunuzi aanze nalo. Kesho yake kalirudisha, anasema yeye ni mtu wa nadharia.