Kaburi la askari lina mwenyewe, na halina rupia

Kila inapokaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, ofisi yetu ya mambo ya kale hupokea maswali mengi kutoka Mwanza, Geita na Kagera kuhusu makaburi ya askari. Safari hii maswali yamepungua, malalamiko yameongezeka. Misalaba imevunjwa, nondo za uzio zimeng'olewa zikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mashimo yamechimbwa usiku. Tunaamini wananchi wengi hawana nia mbaya. Hata hivyo yapo mambo lazima yasemwe.

Eneo nitakalolieleza silitaji, maana kulitaja ni kulitangaza. Ni makaburi machache ya zamani juu ya mwinuko, katikati ya majabali, ziwa linaonekana kwa chini. Ubavuni mwa kaburi moja tulikuta shimo lenye kina cha kufika kiunoni, na udongo wake umerundikwa juu ya kaburi la jirani. Ndani kulikuwa na betri za tochi zilizokwisha, kipande cha kaniki na maganda ya yai. Kaniki na yai vinaonyesha mganga alikuwepo. Betri zinaonyesha walikesha. Rupia, yaani fedha za zama za Mjerumani zinazodaiwa kuzikwa na askari, hatukuziona. Na hao waliochimba hawakuziona pia, kwa sababu wangezipata wasingerudi kuchimba kaburi la pili.

Habari ya "mali ya Mjerumani" tunaisikia kila wiki, na kusema kweli inachosha. Sarafu za dhahabu zilikuwepo, hilo si uongo. Mwaka 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto, Wajerumani walichapa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo katika karakana ya reli ya Tabora, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Lakini jiulize walizichapa kwa nini. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani, fedha kutoka Ulaya haziingii, na serikali yao ya kikoloni haina hata senti za kuwalipa askari na wauza chakula. Ndiyo maana walichapa pia heller, sarafu ndogo za shaba nyeupe na nyekundu, kwa chuma chochote walichokipata, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Julai mwaka huohuo Waingereza waliingia Mwanza, Wajerumani wakakimbilia kusini. Mtu aliyeishiwa kiasi hicho, tena anayekimbia, atamzika askari wake na dhahabu ya nini? Askari alizikwa na blanketi, akibahatika.

Wapo wanaokuja ofisini wakiwa na karatasi mkononi: "Afisa, mimi nina leseni." Leseni ya uchimbaji mdogo wa madini haikupi ruhusa ya kuchimba makaburi. Sheria ya Madini, Sura ya 123, kifungu cha 95, inamzuia mwenye leseni kufanya kazi katika ardhi iliyotengwa kwa maziko bila ridhaa ya maandishi ya mamlaka inayohusika. Ukisema hutafuti madini bali vitu vya kale, hapo unaingia kwenye Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, ambayo nayo inataka leseni yake ya kuchimba, na hiyo hatumpi mtu mwenye sururu na mganga. Ukivunja msalaba au jiwe la kaburi, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 326, inahusu uharibifu wa mali kwa makusudi, na kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Kuingilia makaburi kwa nia ya kuudhi au kudhalilisha maiti ni kosa jingine, linashtakiwa peke yake. Kwa hiyo usiku mmoja unaweza kukupa mashtaka matatu, na kipande cha dhahabu hujapata.

Kundi jingine ni la wanaogeuka wajukuu wa askari pale tu mradi wa barabara unapopimwa. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, Sura ya 72, haina utajiri ndani yake. Ardhi ikihitajika kwa matumizi ya umma, tangazo hutolewa, wenye maslahi hujitokeza, kaburi huhamishwa kwa heshima. Fidia inaishia kwenye gharama halisi za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na kufanya tambiko au ibada. Basi. Tunaomba mtu asituletee wazee wanne wa kushuhudia ukoo wasioujua.

Wajukuu wa kweli wapo, na hao ndio tunaowaonea huruma, kwa sababu mara nyingi hawana kaburi la kuonyesha. Katika Vita ya Kwanza, Usukuma na Unyamwezi zilitoa wapagazi kwa maelfu. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, wakazikwa kando ya njia. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa aenziwe sawa bila kujali cheo, ilikiri katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba msingi huo haukufuatwa kwa Waafrika. Ripoti inakadiria watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mtu akikuambia makaburi ya vita ni mambo ya Wazungu, mpe namba hizo.

Kwa wenye babu aliyekuwa Keya, yaani askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles, katika Vita ya Pili, akaenda Uhabeshi, Madagaska au Burma asirudi: orodha ya Tume hiyo ipo kwenye intaneti, inatafutwa bure kwa jina, namba ya askari au kikosi. Usiandike jina kama mnavyolitamka leo nyumbani. Makarani wa Kiingereza waliandika walivyosikia, kwa hiyo jaribu herufi "r" mahali pa "l", ondoa "h", jaribu jina la baba peke yake. Andaa kabla jina la kijiji na jina la chifu wa wakati huo. Tume haitoi fidia wala pensheni. Anayekutoza fedha ya fomu ili "akufuatilie malipo ya babu London" ni tapeli, hata kama amevaa tai.

Upande wa pili wa ziwa, wilayani Muleba, yapo makaburi ya mashujaa ya Kaboya, walikolala askari wetu wa vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Hapo msimamo wetu ni mfupi. Yako katika eneo la jeshi. Shule na vikundi viombe kwa barua mapema, vifuate maelekezo ya wenyeji, na simu zibaki mfukoni mpaka uambiwe piga picha. Vijana wa Mwanza wanaodhani vita ile iliishia Kyaka wawaulize wazee kuhusu Machi 1979, ndege ya Libya iliyomsaidia Amin ilipokuja kulenga jiji hili, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi.

La mwisho ni la usalama, na hapa sibembelezi. Ukichimba au kulima ukakuta chuma cha mviringo, chenye kutu, chenye pini au mapezi, usikiguse, usikipime kwa mizani, usimpe mtoto akauze. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la mkono lililodhaniwa ni chuma chakavu liliua wanafunzi watano. Weka alama kwa mbali, kama matawi au kitambaa, zuia watu, mwambie mtendaji wa kijiji au mtaa, naye atawaita polisi na jeshi.

Kwa kaburi lililoharibiwa utaratibu ni huohuo, isipokuwa ukitoka kwa mtendaji nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani hati ya taarifa yako, kisha lete namba yake ofisini kwetu pamoja na picha za uharibifu. Usifukie shimo kabla hatujafika, hata kama linakutia uchungu. Alama za miguu na vifaa vilivyoachwa ndio ushahidi wenyewe. Taarifa hailipiwi. Ukiombwa hela ya mafuta ya gari, usitoe. Chukua jina la aliyekuomba utuletee pamoja na RB.