Chai Bila Sukari, Bakuli la Mihogo: Maswali ya Kliniki ya Kisukari, Bagamoyo

Nimeacha sukari kwenye chai mwezi wa tatu huu. Mbona kipimo cha sukari ya damu bado kinasoma juu, 15?

Kwa sababu chai hiyo umeishushia bakuli zima la mihogo ya nazi. Wanga ni sukari iliyofungwa: chembe nyingi za glukosi zimeshikana kama shanga kwenye uzi. Ulimi hausikii utamu, lakini vimeng'enya, yaani visagaji vya chakula vya mwilini, vinaukata huo uzi. Jaribu nyumbani. Tafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha, usimeze, hesabu hadi sitini. Kitaanza kuwa kitamu. Hiyo ni kazi ya amilesi ya mate, kimeng'enya kinachokata wanga. Tumboni asidi inaizima, kisha kongosho linamwaga amilesi yake kwenye utumbo mwembamba, na vimeng'enya vya ukuta wa utumbo vinamalizia. Kinachoingia kwenye damu ni glukosi, ile ile ambayo ni nusu ya sukari ya kwenye kopo.

Basi nikipunguza na mihogo, dawa za nini tena?

Usiache dawa. Punguza mihogo, vitumbua na ugali, ila dawa usiache. Wala usimeze dawa ukashinda na njaa, sukari inaweza kushuka ukaanguka sokoni. Kipimo kikitulia, mwenye kukupunguzia dozi ni daktari. Si jirani, si shemeji yako.

Dona je?

Afadhali kuliko sembe, lakini wanga ni ule ule. Faida yake ni nyuzinyuzi: hatuna kimeng'enya cha kukata selulosi iliyomo kwenye nyuzi hizo, kwa hiyo zinapita na kuchelewesha sukari kidogo. Mlima wa dona bado ni mlima.

Nasikia jeli ya mwani inatibu kisukari.

Mwani unaolimwa hapa Mlingotini unatoa karajinani, ute unaoganda. Vimeng'enya vyetu haviukati, kwa hiyo haukupi glukosi. Kutokupa sukari si kukutibu. Na hiyo juisi ya mwani unayonunua, umeuliza imetiwa vijiko vingapi vya sukari? Usiache dawa.

Nina kidonda kidogo kidoleni, hakiumi. Nisubiri?

Usisubiri. Mzee mmoja alikaa mbele yangu, soksi imegandia kidoleni. Wiki tatu alikuwa anapaka majivu. "Hakiumi, mwanangu." Tuliilowesha soksi kwa maji ya chumvi hadi ikaachia, na kidole kilikuwa cheusi. Hakikuuma kwa sababu sukari ilikuwa imeshaua mishipa ya fahamu ya mguu. Dawa alikuwa ameacha tangu alipoacha sukari kwenye chai.

Lakini siku yangu ya kliniki ni Jumanne, na leo Ijumaa.

Jumanne ni ya kuchukua dawa. Kidonda cha mguu ni leo. Nenda mapokezi, sema una kisukari na una kidonda, na viatu uvue kabisa uonyeshe miguu yote miwili.