Mtoto mkaidi kupita kiasi: maswali ya wazazi kuhusu ODD

Mwanangu ana miaka saba, kila ninachosema anapinga. Ni utundu au ni ugonjwa?

Kubisha peke yake si ugonjwa. Mtoto wa miaka miwili anayejigaragaza sakafuni anakua tu. Tatizo la ukaidi uliopitiliza, ambalo hospitalini huandikwa kwa herufi ODD, hupimwa kwa muda na kwa uzito wake. Kwa miezi 6 au zaidi mtoto ana hasira za karibu, anabishana na wakubwa, anagoma kwa makusudi, anachokoza watu, makosa yake anawatupia wengine, ana kinyongo. Daktari hutafuta angalau dalili nne, na ugomvi na ndugu zake pekee hauhesabiki.

Mama mkwe anasema nimemdekeza. Ni kweli?

Si haki kukubebesha lawama zote. Watoto huzaliwa na hulka tofauti, na wengine hasira zao zinawaka upesi. Ila nyumba yenye ugomvi, au yenye masharti yanayogeuka kila siku (baba kakataa, bibi kampa), huchochea tatizo. Mpeleke pia akapimwe masikio. Kuna watoto wanaoitwa jeuri kumbe hawasikii vizuri, hawalali vya kutosha au wanaonewa shuleni. Wengine wana ADHD, ile hali ya kutotulia na kukosa umakini, ambayo mara nyingi huandamana na ODD.

Nikimchapa anatii. Kwa nini nisiendelee?

Tazama jioni moja. Mama yuko jikoni, anapaza sauti: "Zima TV ukaoge!" Kimya. Anarudia mara ya pili, ya tatu. Anatoka na mwiko mkononi, mtoto anapiga mayowe na kurusha mateke, mboga inaungua. "Haya, kaa hapo hapo unuke!" Mtoto kajifunza kwamba mayowe yanalipa. Kesho yake anachapwa, anakimbilia bafuni, na sasa mama naye kajifunza kwamba fimbo inalipa. Kila mmoja anamzoesha mwenzake kuongeza ukali, na keshokutwa wataanzia pale walipoishia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gerald Patterson, aliuchambua mzunguko huu kwa kina mwaka 1982, na mafunzo mengi ya wazazi yanayotolewa leo yamejengwa juu yake.

Basi nifanye nini?

Acha kuamrisha ukiwa jikoni. Mfuate alipo, mtazame usoni, sema mara moja: "Zima TV sasa." Usimuulize kama anaweza kuizima, maana atakujibu hapana. Nyamaza, hesabu moyoni hadi tano. Akizima, hata kama amenuna, msifie papo hapo: "Umezima nilipokuambia, ahsante." Huko kununa kuache, usikugeuze kesi mpya. Asipozima, mwonye mara moja, kisha timiza ulichoahidi: kesho hakuna TV. Adhabu iwe ndogo na isifutwe. Ile ya mwezi mzima utachoka kuisimamia kabla yake.

Halafu mtengee dakika kama kumi kila siku mcheze, yeye achague mchezo, wewe usitoe amri wala kumkosoa. Hata akikosa siku hiyo, dakika hizo usimnyang'anye. Wazazi wengi huona hili ni la kudekeza. Mimi ningeanza nalo, kwa sababu sifa zinazotoka kwa mtu unayegombana naye asubuhi mpaka usiku hazina ladha.

Jiandae: siku za mwanzo anaweza kuzidisha vurugu akipima kama umebadilika kweli. Baba, bibi na dada wa kazi wawe na msimamo mmoja.

Kuna dawa?

ODD yenyewe haina dawa yake. Kama ana ADHD, kuitibu hupunguza ukaidi pia.

Nimpeleke wapi, na lini?

Anza na kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa iliyo karibu. Usisubiri kama anaumiza watu au wanyama, anachoma vitu, au anasema anataka kufa. Beba daftari ulilonukuu matukio ya wiki mbili: saa ngapi, nini kilitangulia, kiliishaje. Omba na maelezo ya mwalimu. Watoto wengine huonyesha ukaidi nyumbani tu, na mbele ya daktari wanakaa wapole kabisa, ukaambiwa mtoto hana neno.